Gari la Dizeli Halichanganyi: Tuanzie Wapi?

SAFU YA UFUNDI KIJIJINI



Mwezi huu tunajibu barua. Imetoka kwa kamati ya gari ya kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kijiji hicho kina gari la wagonjwa. Ni Toyota Land Cruiser iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Injini yake ni ya dizeli, aina ya 1HZ. Gari hilo huchukua wagonjwa kutoka zahanati na kuwapeleka hospitali. Njiani kuna mlima mrefu.

Kamati inaandika hivi:

"Gari letu limepungua nguvu. Tunapoanza safari linakwenda vizuri. Tukifika mlimani, baada ya kilometa nne au tano, linaanza kuchoka. Dereva anakanyaga mafuta mpaka chini lakini gari halichanganyi. Moshi hautoki mwingi. Tukisimama dakika kumi linapata nguvu, kisha linachoka tena. Mwezi uliopita tulimbeba mama mwenye uchungu. Safari ya saa moja ilichukua saa tatu. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, mlimani, usiku. Tunashukuru wote wawili ni wazima. Fundi wa kwanza anasema tununue pampu mpya. Fundi wa pili anasema tushushe injini. Tumeambiwa kila kaya itoe gunia moja la viazi. Wengine wamekataa, wanasema gari liuzwe. Tufanye nini?"

Jibu letu kwa kamati ni hili: msitoe magunia bado, na msiuze gari bado. Kwanza lipimeni. Ugonjwa haujajulikana, dawa itatoka wapi?

Injini inahitaji nini?

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama injini ya petroli. Hewa huingia ndani ya silinda. Pistoni huibana hewa hiyo kwa nguvu nyingi. Katika injini kama hii hewa hubanwa mpaka ujazo wake unakuwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya ule wa kwanza. Hewa iliyobanwa hivyo huwa ya moto sana. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyebuni injini ya namna hii. Ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mwaka 1897.

Basi injini ya dizeli inahitaji mambo manne. Hewa ya kutosha. Mafuta safi ya kutosha. Mbano mzuri ndani ya silinda. Na mafuta yanyunyizwe kwa wakati wake. Likikosekana moja, nguvu hupungua.

Hewa na mafuta ni mambo ambayo dereva anaweza kuyakagua kwa gharama ndogo. Mbano na wakati wa kunyunyiza ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Kwa hiyo tunaanza na yale ya gharama ndogo. Watu wengi huanza na yale ya gharama kubwa, kisha hujuta.

Je, gari ni zima ila ni zito?

Injini ya 1HZ ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda sita na ukubwa wa lita 4.2. Haina tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nguvu zake ni kama farasi 130 tu, na gari lenyewe ni zito. Hili ni gari la kazi. Tangu lilipotoka kiwandani halikuwa la mbio.

Tena kuna jambo la milima. Kadiri tunavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ina uzito wa kama sehemu nne tu kati ya tano za hewa ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupata hewa pungufu, na nguvu hupungua. Kwa hiyo gari lililojaribiwa Dar es Salaam likiwa tupu, barabarani tambarare, haliwezi kuwa vilevile Njombe likiwa limebeba watu.

Lakini upungufu huo upo siku zote. Hauji mwezi huu na kuondoka mwezi ujao. Gari likipanda mlima vizuri mwaka jana na likishindwa mwaka huu, huo ni ugonjwa.

Kwanza: je, kuna kitu kinalishika gari?

Mara nyingine injini ina nguvu, lakini gari limeshikwa. Kagueni hivi.

Breki. Endesheni gari polepole mahali tambarare, kisha toeni gia. Je, linaserereka vizuri, au linasimama upesi? Baada ya safari fupi isiyo na breki nyingi, sogezeni kiganja karibu na kila gurudumu. Msishike chuma, mtaungua. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania au beringi imeharibika. Angalieni pia kama breki ya mkono imeachia.

Klachi. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma zaidi, lakini mwendo hauongezeki. Pengine kuna harufu ya kitu kinachoungua. Hiyo ni klachi inayoteleza. Hata pampu mpya haitasaidia.

Gia ya magurudumu manne. Je, dereva amesahau kuitoa? Gari la namna hii lisiachwe katika magurudumu manne juu ya lami kavu. Hujikaza na kula tairi na gia.

Tairi. Je, mwenye gari wa kwanza aliweka tairi kubwa kuliko zile za kiwandani? Tairi kubwa hufanya gari lianze kwa uzito, kama mtu anayepanda mlima akiwa na gia ndefu ya baiskeli.

Pili: tazameni moshi

Mtu mmoja asimame kando ya barabara, mbali na gari. Dereva apande kilima akiwa amekanyaga mafuta. Injini iwe imekwisha pata joto. Yule mtu atazame moshi.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Hewa imezibwa, au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, au mtu amechezea pampu.

Moshi mweupe wakati injini ina joto maana yake mafuta hayaungui yote. Pengine wakati wa kunyunyiza umepotea, au mbano ni mdogo. Pengine maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda.

Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili yake. Ringi au valvu zimechakaa, au tabo ikiwapo imechakaa.

Na kama nguvu hakuna na moshi hakuna? Hapo, mara nyingi, injini ina njaa. Mafuta hayafiki ya kutosha. Ndugu zetu wa kamati, someni barua yenu tena. Mmeandika, "Moshi hautoki mwingi." Hilo ni neno kubwa sana.

Tatu: hewa

Fungueni chujio la hewa. Katika gari hili ni la karatasi ngumu. Litoeni na kuling'uta taratibu. Likipulizwa kwa upepo, upepo uwe wa nguvu ndogo na utoke ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje, unasukuma vumbi ndani zaidi. Msilioshe kwa petroli.

Kisha wekeni tochi ndani ya chujio mahali penye giza. Mwanga ukionekana pande zote, chujio bado linapitisha hewa. Usipoonekana, limekwisha. Mkiona tundu au mpasuko, litupeni. Tundu moja dogo huingiza vumbi, na vumbi hula ringi na silinda kama msasa. Msiendeshe gari bila chujio hata siku moja.

Angalieni pia mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio kwenda injini. Je, umebonyea au umepasuka? Mwisho, tazameni eksozi chini ya gari. Jiwe likiibonyeza, moshi unashindwa kutoka na hewa mpya inashindwa kuingia.

Nne: waya wa mafuta

Jambo hili ni dogo na husahauliwa. Zimeni injini. Mtu mmoja akanyage pedali ya mafuta mpaka chini. Mwingine atazame mkono mdogo ulio kwenye pampu. Je, unafika mwisho wake? Pengine waya umelegea. Pengine zulia la sakafuni linazuia pedali. Mkono ukifika nusu, na nguvu itakuwa nusu. Kukaza waya ni kazi ya spana na dakika chache.

Tano: njia ya mafuta

Sasa tumefika penye shaka kubwa. Katika gari hili mafuta hayasukumwi kutoka kwenye tanki. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayoyanyonya, kama mtoto anyonyavyo uji kwa mrija. Mrija ukizibwa, uji haufiki. Mrija ukitoboka, mtoto hunyonya upepo.

Kagueni kwa mpangilio huu.

1. Maji. Chini ya chujio la dizeli kuna kifundo cha kutolea maji. Wekeni chupa safi inayoonyesha ndani. Legezeni kifundo, kisha pigeni kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya chujio. Acheni chupa itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu. Mkiona maji au uchafu, endeleeni mpaka yatoke mafuta safi, kisha kazeni kifundo.

2. Chujio la dizeli. Kama hamjui lilibadilishwa lini, libadilisheni. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na pampu. Baada ya kubadilisha, pigeni pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Hapo hewa imetoka.

3. Pampu ya mkono inasema nini? Ukiipiga na haiwi ngumu kamwe, kuna mahali hewa inaingia au mafuta yanavuja. Ukiibonyeza nayo ikabaki chini, au ikapanda kwa uvivu, kuna kizibo upande wa tanki.

4. Hewa. Fundi anaweza kuweka kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya chujio na pampu. Injini ikizunguka, mapovu yakipita humo, njia inavuta hewa. Tafuteni mpira uliopasuka au klipu iliyolegea kuanzia chujio mpaka tanki. Sehemu ya kunyonya inaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone moja.

5. Mfuniko wa tanki. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Gari likichoka, simameni, fungueni mfuniko. Mkisikia upepo ukivutwa kwa nguvu, na gari likapata uhai mara moja, njia ya hewa ya tanki imezibwa.

6. Tanki lenyewe. Ndani ya tanki kuna bomba la kunyonyea. Kwenye ncha yake kuna kichujio kidogo. Uchafu ukiwa ndani ya tanki, huvutwa na kukaa hapo.

Sasa fikirini. Gari linaanza safari likiwa zima. Mlimani injini inataka mafuta mengi, na uchafu unavutwa kwa nguvu mpaka unaziba kichujio. Gari linachoka. Mkisimama, kuvuta kunakoma. Uchafu unaachia na kuzama. Baada ya dakika kumi njia iko wazi, na gari lina nguvu tena. Pampu iliyochakaa haiponi kwa kupumzika dakika kumi. Ringi zilizokwisha haziponi kwa kupumzika dakika kumi. Uchafu ndani ya tanki ndio huenda na kurudi namna hii.

Fundi ana njia ya kuhakikisha. Anafungua mpira unaotoka kwenye tanki na kuifanya injini inyonye dizeli safi kutoka kwenye dumu lililofungwa imara, mbali na eksozi. Nguvu zikirudi na zikabaki, injini na pampu hazina kosa. Kosa liko kwenye tanki au kwenye bomba lake.

Tahadhari

Kazi ya mafuta ifanyike nje, penye hewa. Pasiwe na sigara wala moto. Watoto wakae mbali. Dizeli iliyotolewa isimwagwe chini wala mtoni.

Usiweke mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza, wala kwenye paipu ya nozeli inayovuja. Mafuta hayo hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Akipatwa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama haumwi.

Magari mapya zaidi ya dizeli yana mfumo uitwao komoni reli, unaoongozwa na kompyuta. Nguvu ya mafuta ndani ya paipu zake ni kubwa mno. Msilegeze paipu za injini hizo. Mpelekeeni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Tena, msikubali mtu ageuze skrubu ya kuongeza mafuta kwenye pampu ili "kulipa gari nguvu". Nguvu inaweza kuongezeka kidogo. Lakini moshi mweusi unaongezeka, joto linaongezeka, na pistoni inaweza kuyeyuka. Hapo ndipo mtashusha injini kweli.

Lini tumwite fundi wa pampu?

Kama hewa ni safi, waya umekaza, chujio ni jipya, njia haivuti hewa na tanki ni safi, lakini nguvu bado hakuna, sasa nendeni kwa fundi wa pampu na nozeli. Mwambieni apime nozeli kwenye mashine yake mbele yenu. Nozeli nzuri hutoa ukungu, mbovu hudondosha. Kisha wakati wa kunyunyiza ukaguliwe. Mwisho apime mbano wa kila silinda na kuwaandikia namba. Fundi anayesema "tushushe injini" bila kupima mbano hajui bado, anakisia. Kamati ina haki ya kuuliza: "Umepima nini? Umepata nini?"

Kamati ilifanya nini?

Tuliwapelekea majibu haya kabla ya kuyachapa. Nao wametuandikia tena.

Chujio la hewa lilikuwa chafu, wakalisafisha. Waya wa mafuta ulikuwa mzuri. Walipopiga pampu ya mkono, ilibaki chini. Wakaifanya injini inyonye dumu, na gari likapanda kilima cha shule kwa gia ya tatu. Basi wakashusha tanki. Ndani walikuta matope, kutu, na nyuzi nyingi za plastiki. Nyuzi hizo zilitoka kwenye kipande cha gunia ambacho dereva alikuwa akichujia dizeli ya madumu. Alidhani analilinda gari. Gunia lilikuwa likifumuka kidogo kidogo na kuingia ndani.

Walisafisha tanki, wakabadilisha kichujio chake na chujio la dizeli, wakakaza klipu zote. Hakuna kaya iliyotoa gunia la viazi. Katibu anaandika kwamba wiki mbili baadaye walimpeleka mama mwingine hospitali, na gari halikusimama mlimani.

Namna ya kuzuia

Nunueni dizeli kwenye kituo kinachoaminika, na ombeni risiti. Zamani baadhi ya wauzaji walichanganya dizeli na mafuta ya taa ili wapate faida. Ndiyo maana EWURA ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba ndani ya mafuta ili udanganyifu ugunduliwe. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya gari hili. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na pampu huchakaa upesi.

Mkitumia madumu, yawe safi na ya kazi hiyo tu. Yaacheni yatulie usiku kucha. Mimineni kwa faneli yenye wavu wa chuma, na mabaki ya chini msiyamimine.

Jazeni tanki jioni, msilaze gari na tanki tupu. Katika baridi ya usiku, unyevu wa hewa iliyo ndani ya tanki hugeuka kuwa matone ya maji.

Toeni maji kwenye chujio mara kwa mara, na kila mara taa ya maji inapowaka.

Mwisho, wekeni daftari la gari. Andikeni tarehe, kilometa, na kazi iliyofanyika. Gari lililotumika huja bila historia yake. Daftari hilo ndilo historia mnayoanza kuiandika ninyi. Na kwa wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, hapa elimu yako ina kazi. Fundi atakuja na kuondoka. Daftari litabaki.

Maswali ya kujadiliana

1. Injini ya dizeli inahitaji mambo gani manne?
2. Gari limekosa nguvu na linatoa moshi mweusi. Mtaanza kukagua nini?
3. Kwa nini gari la kamati lilipata nguvu baada ya kupumzika?
4. Katika kijiji chenu, nani anatunza daftari la gari, mashine ya kusaga au pampu ya maji? Kama hakuna, nani aanze?